Nusu Ndoo kwa Miaka Kumi

Kuna watu wakisikia mthamini anakuja, wanafagia. Wengine wakisikia hivyo, wanachafua. Ukitaka kujua nani anauza na nani ananunua, usiulize mtu, tazama ufagio.

Kazi yangu ni hiyo ya uthamini. Nina diploma, nina futi ya mkanda, nina viatu visivyo na kelele, na watu wananiita Mama Bei. Wakiniona nimesimama mbele ya jengo wanadhani nahesabu matofali. Sihesabu. Jengo la biashara ni kama ng'ombe wa maziwa: mnunuzi hanunui pembe, ananunua maziwa. Kwa hiyo nauliza kwa mwaka linakamuliwa kodi kiasi gani. Natoa malisho yake, yaani mlinzi, taka, ushuru na kuziba nyufa. Kinachobaki nakizidisha kwa miaka ambayo watu wa eneo lile wako tayari kuilipia. Bei ndiyo hiyo. Si uchawi, ingawa nikitaja ada yangu watu hunitazama kama mganga.

Siku moja akaja ofisini mwokaji wa mikate, mwanamke wa makamo, unga hadi kwenye nyusi.

"Mama Bei, baba yetu alituachia jengo la maduka, mimi na kaka yangu, nusu kwa nusu. Kaka anataka kuninunua nusu yangu, abaki nalo peke yake. Tumekubaliana bei uiseme wewe."

"Na wewe unataka kuuza?"

"Nataka. Pale ninapooka nimepanga, na mwenye nyumba anauza. Milioni hamsini na tano. Nisipozileta, anampa mtu wa matairi."

"Si utahama?"

"Nitahama na tanuri? Nimelijenga kwa matofali, limeshika ukuta kama kupe. Tanuri halibebwi kichwani, Mama Bei."

Nikamuuliza jengo linaingiza kiasi gani. Akacheka kicheko cha mtu aliyeulizwa umri wa mwezi.

"Kodi anakusanya kaka. Kila nikiuliza, biashara ngumu. Kila mwezi ananipa kidogo. Kaka yangu tangu utotoni ukimwomba muwa anakupa fundo."

"Wapangaji hukuwauliza?"

"Niliwauliza. Wakanisalimia vizuri sana."

"Mpeleke mbele ya sheria."

"Sitaki," akasema. "Nilipougua surua alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na mvua inanyesha. Nataka haki yangu tu, na tukikutana mlangoni tuweze kusalimiana."

Nikaikubali kazi. Kabla ya siku ya ukaguzi nilipita eneo lile nikijifanya natafuta chumba cha kufungua duka la vitambaa. Majengo ya kushoto na kulia, ya umri uleule, chumba kimoja kodi yake laki tatu kwa mwezi. Mwenye jengo mmoja alitaka na zawadi juu. Nikamwambia nitafikiri.

Siku ya ukaguzi kaka mtu akanipokea nje. Wapangaji humwita Bosi. Alikuwa amevaa shati lililochanika begani ili nimwonee huruma, ila saa ya mkononi aliisahau. Ile saa peke yake ingeweza kununua shati la kila mtu mtaani. Dada yake alikuwa pembeni, mikono ameifungia kwenye aproni.

"Karibu, Mama Bei," akasema Bosi. "Utaona mwenyewe. Jengo limechoka, mimi nimechoka, wapangaji ndio kabisa."

Jengo lilikuwa la ghorofa moja, vyumba vitatu chini na kimoja kikubwa juu. Tukaanzia kwa kinyozi. Amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, mikono mapajani, uso wa msiba.

"Hali ikoje, kinyozi?"

"Mbaya, mama. Siku hizi watu wanafuga nywele."

"Kodi unalipa kiasi gani?"

"Laki moja na nusu. Na hiyo naipata kwa kufunga na kuomba."

Kwenye kona kulikuwa na pazia, na chini ya pazia viatu viwili vya mwanamume. Viatu tupu vinakaa vimetulia. Hivi vilikuwa vinabadilishana uzito. Harufu ya povu la kunyolea ilikuwa mbichi kabisa.

"Pole sana," nikamwambia kinyozi, nikatoka.

Fundi cherehani naye amekaa, mikono kifuani, akinung'unika kwamba hajaona mteja tangu juzi. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka. Sote wawili tukalitazama mpaka likasimama.

"Upepo," akasema.

"Upepo wa huku una kazi," nikasema. Kodi? Laki moja na nusu.

Wa tatu ni Mama Dawa, mwenye duka la dawa. Rafu zake zote alikuwa amezifunika shuka, anasema mzigo umeisha, hana mtaji. Bahati mbaya akaingia mzee anakohoa kikohozi cha kutisha. Mama Dawa akanitazama, akamtazama Bosi, akamtazama mzee. Mzee akakohoa tena. Mkono wa mama wa watu ukaingia wenyewe chini ya shuka, ukatoka na chupa sahihi bila hata kupapasa.

"Ilikuwa ya mwisho," akaniambia.

"Na ile iliyokuwa nyuma yake?"

"Hiyo ndiyo ya mwisho."

Juu kulikuwa na yule wanayemwita Fotokopi, bwana mkavu mwenye mashine tatu, anayekutoza hata karatasi iliyokwama. Katikati ya chumba ameweka ndoo ya maji, na kidole amekielekeza darini.

"Linavuja, mama. Ukiwasha mashine unaomba dua."

Nikainama kwenye ndoo. Mvua haikuwa imenyesha tangu mahindi yavunwe, na mvua niijuayo mimi haina povu wala vinyweleo. Nikamtazama dada mtu. Alikuwa amegeukia dirisha, mabega yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nafikiri yote mawili.

Sasa, mimi nina utaratibu wangu. Nikimaliza kuzunguka, nawakusanya wote mahali pamoja, wenye jengo na wapangaji, nasema kila kodi kwa sauti na kila mtu anaitikia. Mdomo mmoja huteleza kwa urahisi. Midomo sita kuteleza kwa pamoja, kazi ipo. Tukakusanyika ngazini. Nikataja chumba kwa chumba: laki moja na nusu, laki moja na nusu. Wakaitikia kama darasa la kwanza. Bosi akaitikia kuliko wote.

"Kwa hiyo bei ndogo," akasema, akijitahidi kusikitika.

"Bado sijafika huko. Hawa wana mkataba wa muda gani?"

"Mkataba wa nini? Sisi tunaenda mwezi kwa mwezi, neno kwa neno."

"Basi nitathamini kwa laki tatu kila chumba."

Bosi akashika ukuta. "Laki tatu za wapi?"

"Za majirani zako. Atakayenunua leo, kama hana mkataba unaomfunga, mwezi ujao anapandisha. Ukikamua nusu ndoo, kosa si la ng'ombe."

Akafuta jasho kwa mkono wenye saa. Niliona akili yake inapanda ngazi mbilimbili.

"Ngoja kwanza, Mama Bei. Na wakiwa na mkataba mrefu?"

"Hapo ni habari nyingine. Mnunuzi anafungwa na kodi hiyohiyo mpaka mkataba uishe. Bei inashuka."

"Inashuka sana?"

"Inategemea miaka."

Akawatazama wapangaji mmoja mmoja.

"Kumi," akasema.

"Kumi nini?"

"Miaka kumi. Nilisahau kukwambia. Tulikubaliana na hawa, laki moja na nusu, haipandi miaka kumi. Si ndiyo, jamani?" Akawakonyeza wapangaji, jicho zima, mpaka sikio likasogea.

Walikuwa wameahidiwa kwamba wakisema uongo mdogo, mwaka huu hawapandishiwi kodi. Sasa mtu anawamwagia miaka kumi kichwani, bila kuombwa.

"Miaka kumi, Bosi?" akauliza kinyozi.

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana," akasema kinyozi polepole, kama mtu anayeonja asali huku akitafuta nyuki wako wapi.

"Mimi nakumbuka vizuri," akasema Fotokopi.

"Mungu akuzidishie, Bosi," akasema Mama Dawa, na sauti yake ilikuwa ya kweli kwa mara ya kwanza siku ile.

Hapo mlango wa kinyozi ukafunguka. Akatoka mwanamume mwenye kitambaa shingoni na kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

"Samahanini," akasema. "Miguu imekufa ganzi nyuma ya pazia. Lakini nimesikia. Miaka kumi. Nikiitwa kushuhudia nitakuja, mimi sina ndugu hapa."

Dada mtu akafungua mdomo. Mimi nikamkanyaga kidole cha mguu. Sikumkanyaga kwa mzaha, nilikanyaga kama mtu anayezima moto.

"Aii," akasema, machozi yakamtoka. Bosi akadhani analilia bei, akampigapiga begani. "Pole, mdogo wangu. Biashara ngumu."

Nikawapa hesabu palepale. Kwa kodi ya laki tatu, jengo lingebakiza milioni kumi na mbili safi kwa mwaka, na eneo lile watu wanalipia miaka kumi, yaani milioni mia na ishirini. Nusu ya dada, sitini. Lakini kwa mkataba huu wa Bosi, mnunuzi atakamua nusu ndoo miaka kumi ndipo aione ndoo nzima, tena ng'ombe anakula malisho yaleyale. Nusu ya dada haifiki arobaini. Ni kama thelathini na nane.

Thelathini na nane haikomboi tanuri. Dada alilijua hilo, mimi nililijua, na Bosi akanisindikiza mpaka barabarani amenibebea mkoba.

Tulipobaki wawili, dada akavua kiatu. "Umenivunja kidole."

"Kitapona. Ulitaka kusema nini pale?"

"Nilitaka kusema mimi sijakubali mkataba wowote."

"Ndiyo maana nilikukanyaga. Hilo neno ni ghali, usilitoe bure."

"Na ripoti?"

"Sitii sahihi mpaka siku ya kodi ipite. Wewe nenda ukaoke."

Siku ya kodi ilipopita, nilimkuta Bosi ameketi kwenye ngazi ya ofisi yangu kabla sijafungua. Shati jipya, uso mzee. Nikafungua, akaingia nyuma yangu.

"Mama Bei, wale watu wamenigeuka."

"Wamefanya nini?"

"Nimekwenda kwa kinyozi kuchukua kodi, kanipa laki moja na nusu. Nikamwambia acha utani. Ananiambia, Bosi, utani wa miaka kumi hauishi siku moja. Fundi hivyohivyo. Mama Dawa kanipa na soda. Yule Fotokopi ameuandika mkataba kwa mashine, miaka kumi, kanipa nakala tano. Bure, Mama Bei. Yule mtu hajawahi kutoa karatasi bure tangu azaliwe."

"Lakini si ndivyo mlivyokubaliana?"

Akanitazama kama mbwa aliyefungiwa nje.

"Na benki nako," akasema. "Mkopo wa kumlipa dada wameshanikubalia, marejesho yatoke kwenye kodi. Kwa kodi hii hayatoki."

"Benki uliwaambia kodi ni kiasi gani?"

Akaanza kuangalia picha ukutani. Ukutani kwangu hakuna picha.

Nikamwekea kiti, nikamwekea na hesabu. "Kwa uongo wako umeokoa milioni kama ishirini na mbili za dada yako. Kwa uongo huohuo, miaka kumi ya nusu kodi, unapoteza sabini na mbili. Mimi nimefanya kazi hii muda mrefu, Bosi, sijaona mtu anajiibia kwa bidii namna hii."

"Futa basi. Andika laki tatu."

"Sifuti. Niliyasikia ngazini. Ukitaka nisikie mengine, tukutane ngazini."

Tukakusanyika tena, walewale, na yule bwana wa pazia akaja bila kuitwa. Kichwa kilikuwa kimemalizika, kinang'aa. Alijiletea na kigoda.

Bosi akakohoa kuliko yule mzee wa duka la dawa. Akasema ile habari ya miaka kumi ilikuwa mazungumzo tu.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema fundi cherehani.

"Mimi nakala ninazo," akasema Fotokopi. "Na za akiba."

"Nilisikia kwa masikio haya," akasema yule bwana wa kigoda, akiyaonyesha, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kitupu yalionekana vizuri.

Bosi akanigeukia. Nikasema, "Liko jambo moja dogo. Jengo hili lina wenyewe wawili. Mwenye nusu peke yake hawezi kulifunga miaka kumi, lazima mwenzake akubali. Kama dada alikubali, mkataba upo. Kama hakukubali, haupo. Mimi sijamsikia akisema ndiyo wala hapana. Nilimsikia akisema aii."

Vichwa vyote vikageuka. Dada alikuwa amesimama ngazi ya chini kabisa, aproni yake ina alama za mikono. Akawa mtu mrefu kuliko wote.

"Mdogo wangu," akasema Bosi, "waambie."

"Niwaambie nini, kaka?"

"Kwamba hukukubali."

"Sikukubali nini? Mimi nitajuaje? Mambo ya kodi unayajua wewe. Mimi nikiuliza, biashara ngumu."

Nilimwona Bosi akimeza kitu kikubwa. Akatazama wapangaji, akatazama ndoo, maana ndoo ya Fotokopi ilikuwa bado iko pale juu, imekauka na nywele zake.

"Kodi ni laki tatu," akasema. "Kila chumba. Imekuwa hivyo tangu baba afariki."

"Sema tena, Mama Bei hasikii vizuri," akasema dada.

Mimi nasikia mpaka panya wa jirani, lakini nikaweka kiganja sikioni.

"Laki tatu," akasema.

"Na ulichokuwa unanipa mimi?"

"Kilikuwa nusu ya nusu."

Hapo hakuna aliyecheka. Kinyozi alijishughulisha na kucha zake. Dada akamtazama kaka yake muda mrefu, nikaogopa kidogo, maana mwanamke anayekanda unga kila siku ana mikono.

"Sikukubali," akasema hatimaye, kwa wote. "Miaka kumi sikukubali. Nusu yangu ni sitini."

"Sitini," akasema Bosi.

"Haya ya nyuma uliyonipunja, sitakudai pesa. Utanilipa kwa mgongo. Lori la unga linakuja kila Jumatatu, na vijana wa kupakua wananitoza sana."

"Mpaka lini?"

"Biashara ngumu, kaka. Tutaona."

Kisha akawageukia wapangaji. "Na nyinyi mnaonisalimia vizuri. Aliwaahidi nini?"

"Mwaka mmoja bila kupandishiwa," akasema Mama Dawa, akiangalia viatu.

"Mmeupata. Laki tatu, mwaka mmoja, kaka atatia sahihi kabla hajaninunua. Na mwezi huu mtamalizia iliyobaki."

"Kutoka miaka kumi mpaka mmoja," akalalamika kinyozi. "Dada, unatunyoa bila maji."

"Maji si mlipeleka juu kwenye ndoo?"

Hapo wakacheka, hata Bosi, ingawa kicheko chake kilichelewa kufika. Fotokopi akauliza zile nakala zake nani atazilipia.

Nikatia sahihi milioni mia na ishirini. Benki wakatoa, dada akalipwa, na mtu wa matairi akaenda kutafuta ukuta mwingine. Ada yangu walinilipa nusu kwa nusu, na Bosi aliihesabu mbele ya dada yake bila kuambiwa.

Juzi Jumatatu nilipita pale kununua mkate. Lori lilikuwa limesimama mlangoni, na Bosi anashusha gunia begani, mweupe kuanzia kichwani, saa ameiacha nyumbani. Akaliweka chini, akanyoosha kiuno kwa awamu.

"Mama Bei," akasema, "wewe unayejua kila kitu. Mgongo huu una thamani gani?"

"Unaingiza kiasi gani?"

"Mkate mmoja kila Jumatatu. Wa moto lakini."

"Una mkataba wa muda gani?"

Akafungua mdomo. Akamwona dada yake amesimama mlangoni, mikono kwenye aproni, anasikiliza. Akaufunga, akainama, akabeba gunia jingine.